Kipimajoto Kilichobaki Mfukoni

Nyuma ya kiwanda cha barafu,
Jumapili, 9 Machi.

Mpwa wangu mpendwa,

Hujambo huko mbali? Baridi imepungua? Wanao wanakua? Mimi mapafu yamechoka. Siku hizi daktari ananipa pole nyingi kuliko dawa. Mama yako ni mzima, na ulimi wake bado unashindana na kisu chake.

Dirishani naona meli nne zikishusha samaki. Hata leo hunisisimua. Samaki mmoja akifika gatini, amelisha wangapi! Baharia, mpasua barafu, fundi nyavu, seremala wa makreti, dereva wa lori. Akiuzwa ng'ambo, nchi hupata fedha za kigeni za kununulia dawa na mafuta. Haya niliyasoma chuoni nikafuzu. Lakini niliyaelewa mwaka ule shehena yetu iliporudishwa imeoza, wanunuzi wakatukimbia. Gati lilinyamaza miezi mitano. Seremala akauza msumeno. Madarasa yakabaki nusu, watoto wakikosa karo.

Mama yako, msimamizi wa meza za kukatia, alilaumiwa akafukuzwa. Wenzako wakakuita Binti Uvundo, ukaondoka ukisema huna mama.

Mpwa wangu, kosa lilikuwa langu. Mimi mkaguzi nilipaswa kuchomeka kipimajoto tumboni mwa samaki kabla ya kutia sahihi. Siku ile nilikuwa na haraka ya kuwahi harusi ya rafiki. Nikaandika nyuzi za joto za kukisia, kipimajoto kiko mfukoni.

Mama yako alinionya: "Kaka, samaki hawa macho yameingia ndani. Wapime."

"Dada, wewe shika kisu. Shahada ninayo mimi."

"Haya, msomi. Waulize basi kama wanaijua hiyo shahada."

Walipomfukuza, nilinyamaza. Naye alijua, akanyamaza, maana mshahara wangu ndio uliowasomesha wadogo zetu. Gati lilipofunguliwa alirudi kuosha sakafu, akapanda tena hadi mezani kwake. Amestaafu, lakini wakaguzi vijana humwita kwanza, ndipo wapime. Sijaona mtu mkubwa kuliko yeye.

Meneja nimeshamwandikia ukweli wote. Umebaki wewe.

Mama yako mdogo, fundi nyavu, anakusalimu sana. Nisalimie mumeo na mapacha. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Mimi usinijibu upesi. Mpigie mama yako kwanza. Namba ni ileile. Alikataa kuibadilisha miaka yote hii, ili usipotee njia.

Akupendaye, ingawa alichelewa kusema,
Mjomba wako