Barua ya Askofu

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Nimetwanga mpunga tangu asubuhi. Mchi wa Mama ni mzito kuliko nilivyodhani. Wiki ya tatu tangu tumzike. Kaka yangu Donati bado yuko. Atarudi Kasongo matanga yakiisha. Jumapili Baba anaanza tena kuongoza sala.

Jumatano, 5 Agosti
Baba aliniita chumbani, akafunga mlango. Akanipa kitabu cha masomo ya Jumapili.
"Mama," akasema, kama anavyoniita mimi bintiye tangu utotoni, "unisomee. Polepole."
Nilidhani ni macho. Siyo macho. Baba hajui kusoma. Katekista miaka ishirini, hajui herufi moja. Mama, aliyefundishwa na masista, alimsomea kila Jumamosi, naye akashika kwa kichwa. Kumbe ndiyo maana Jumamosi tulitumwa kuni, hata rundo lilipogusa paa.
Nimesoma mara tatu. Ameshika yote. Naogopa.

Ijumaa, 7 Agosti
Leo tena nilimsomea. Donati alitusikia dirishani. Zamani Baba alimchapa fimbo kila alipokwama kusoma, mpaka akaacha shule.
"Alinipigia kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui!"
Padri anafika kesho. Donati anasema atamwambia. Basi Baba ataondolewa ukatekista, na nyumba hii ni ya misheni. Nimemwomba Donati asiseme. Ametoka kwenda kuziba pancha ya baiskeli yake.

Jumamosi, 8 Agosti
Padri amefika. Donati hajasema kitu. Anamtazama Baba tu.

Jumapili, 9 Agosti
Siwezi kukaa. Naandika nimesimama.
Somo lilikwenda vizuri. Kisha Padri akatoa barua mpya ya Askofu, bado imefungwa, akampa Baba awasomee watu. Baba akaifungua. Akaigeuza, akaigeuza tena. Mzee mmoja akapaza sauti: "Katekista, masikio iko tayari!" Watu wakacheka.
Donati akainuka kule nyuma. Nikafumba macho.
"Padri, baba yangu iko na uchungu. Niache nisome mimi."
Akasoma. Alikwama, akarudia, akaruka mstari mzima. Baba alisimama kando yake, ameinamisha kichwa, hadi mwisho.

Jumanne, 11 Agosti
Donati ameondoka. Baba alimsindikiza mpaka mtoni, akimsukumia baiskeli. Aliporudi alikaa karibu nami, akachambua maharage muda mrefu.
Kesho kutwa yeye mwenyewe atakwenda misheni kumwambia Padri kwamba hajui kusoma. Ameniomba nimsindikize. Nimekubali.
Baadaye akasema, "Kaka yako alisoma vizuri."
"Ndiyo, Baba."