Kaktasi Moja, Kisha Nyingine Moja

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umri wako unaruhusu, na kama wewe ni mdogo wangu basi nirudishie. Naomba msaada kabla ya Jumatatu.

Mimi ni kibarua wa ugenini, shule niliiachia njiani, nafanya kazi kwenye kitalu cha mimea, banda zima la vioo, joto lake ni kama umefunikwa kwenye sufuria, na nilikuwa najaza mbolea kwenye vyungu mpaka msimamizi wetu alipohama na mwenye kitalu akanipa mimi redio ya mkononi, niwe natangaza kwa Kiingereza kila kinachopakiwa kwenye lori ili mkewe aliye ofisini asikie. Msimamizi hupewa chumba chake peke yake, maana yake mke wangu anaweza kuja. Nikampigia simu, naye akautangazia ukoo mzima, sasa shemeji ananiita bosi na anataka nimtafutie kazi.

Shida ni kaktasi, ule mmea wa miiba. Ikiwa moja hatuna ugomvi. Zikiwa nyingi, mwenye kitalu anasema kaktai, mkewe anasema kaktii, dereva wa lori anasema kaktasizi, na wote hicho Kiingereza wamezaliwa nacho, na kila mmoja akimsikia mwenzake anakunja uso kama ameonja dawa. Fangasi ikishika majani ni balaa jingine, huyu fangai, yule fanji. Nikauliza kulikoni, nikaambiwa maneno hayo yalitoka kwa watu wengine zamani, yakaja na wingi wao. Yaani neno nalo limehamia ugenini kama mimi, ila lenyewe limeruhusiwa kuja na familia.

Basi nikawa natangaza hivi: kaktasi moja imepanda, kaktasi moja nyingine imepanda, mpaka lori likachelewa na dereva akasema kwenye redio, "Bwana Mojamoja, nizime injini nilale kidogo?" Jina likanikaa. Kwa aibu nikasema koo linaniuma, nikajifunga skafu shingoni humo humo kwenye joto, na mwenye kitalu akanihurumia, akasema koo lisipopona ifikapo Jumatatu redio atampa mwenzangu wa chumbani, ambaye hutangaza kaktasizizi kwa sauti ya kuvunja vioo wala haoni haya. Mke wangu ameshaanza kufungasha. Nirudishe redio kwa heshima, au nifanyeje?

Mojamoja

JIBU

Ndugu yangu Mojamoja, pole kwa koo. Nilikaribia kulia, kisha nikakumbuka haliumi.

Hebu tuone ulipofikia. Mkeo anafunga mizigo, na wewe unataka kumwambia asije kwa sababu ya mmea. Watu watatu wenye lugha yao wameshindwa kuelewana, wawili kati yao wanalala kitanda kimoja, na bado lori huondoka limejaa. Nani amekutuma wewe, mjaza mbolea, ukawapatanishe? Sisi neno kitabu tulilipokea kutoka kwa Waarabu, wingi wao tukawaachia, kilipoongezeka tukasema vitabu, na hakuna aliyebisha hodi kutudai maelezo.

Mwenzako wa chumbani hana Kiingereza kukuzidi. Amekuzidi kutojali tu, na kwa kutojali huko atalala peke yake kwenye chumba kile cha msimamizi, afunge na mlango.

Sasa sikiliza. Skafu ivue leo, usingoje Jumatatu, kabla hujaugua kweli. Nenda kwa mwenye kitalu umwambie koo ni zima, ulikuwa unaona aibu. Atacheka. Mwache acheke, kisha shika redio useme kaktii, kwa sababu anayesikiliza upande wa pili ni mkewe, na yeye ndiye anayehesabu. Taja idadi yote kwa pamoja, lori liondoke. Mumewe akikunja uso, hayo watayamaliza wenyewe jioni mezani kwao. Dereva akikuita Mojamoja, itika.

Shemeji mwambie kazi ipo, ya mbolea, ile uliyokuwa unakimbilia kuirudia.

Halafu umpigie mkeo aendelee kufungasha. Siku atakapofika, watu wa ofisini watauliza mko wangapi chumbani. Nina hakika utasema wawili, si mmoja kisha mwingine mmoja, na utasema bila skafu.