Mwiko wa Sabuni

Kalangalala, Geita

Baba Kabula, mume wangu,

Habari za tangu ulipogeuka pale getini kwa shangazi bila kuniaga? Mguu ulioumia shimoni umepona? Mama anaendeleaje na presha yake? Na Kabula, bado anakataa uji? Mimi nipo, napumua, namshukuru Mungu. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeandika. Nuna utakavyo, karatasi huwezi kuikata.

Najua nilikuudhi. Umesafiri kutwa nzima kutoka Maganzo na mtoto begani, halafu mkeo anakuuliza kama umechanjwa korona kabla hajakuuliza kama umekula. Hata mimi ningenuna. Lakini ulinijibu nini? "Bado." Nikakuuliza, basi umenawa? Ukanionyesha mikono yenye udongo wa shimo, ukasema mganga wenu amekataza sabuni na sindano mpaka jiwe la almasi litoke. Nikarudi nyuma. Kabula alikuwa amenyoosha mikono. Kilio chake bado nakisikia, na swali lake pia: "Mama hanitaki?"

Mume wangu, huku nimefungwa kama mbuzi kwenye kamba. Leo niko kwenye mashine ya kusafisha damu tangu asubuhi mpaka mchana, kesho nimelala hoi, keshokutwa narudi tena. Maji napimiwa kikombe. Ndizi marufuku. Kanisani siendi, sokoni siendi, na nyumbani siwezi kuja kwa sababu mashine haifungwi kwenye kanga. Shangazi yangu akitoka kuuza dagaa, ananawa na kubadili nguo nje ndipo aingie kunipikia. Kuna siku natamani kung'oa mipira yote nikimbie.

Unamkumbuka yule mzee wa Ushirombo niliyekusimulia, aliyekuwa akituimbia nyimbo za kanisa kwenye kiti cha pembeni yangu? Chanjo aliiahirisha, akasema ataona kwanza wenzake. Wanawe wakaja kumsalimia, mmoja anakohoa. Kiti kile sasa anakikalia mama mwingine. Wimbo hakuna.

Baada ya hapo muuguzi alitukalisha akatuambia waziwazi: wenye maradhi ya figo chanjo haiwadhuru, nyie ndio wa kutangulizwa. Ila miili yenu imechoka, inaweza isiishike vizuri, kwa hiyo barakoa msivue, na wanaowakaribia nao wachanjwe. Mkisikia homa pigeni simu hospitali, msikose siku ya mashine kwa woga. Mzee mmoja akauliza habari za kujifukiza. Muuguzi akacheka, "Babu, utaungua pua bure." Mimi nilishachanjwa. Mkono uliuma, homa ikaja kidogo, ikaondoka. Sijaota mkia.

Mganga wenu simtukani, nimeolewa Maganzo, najua shimo lina mambo yake. Lakini hata mimi nina miiko, tena ya daktari, na sikuichagua. Mwenzangu wewe wako unaweza kuuacha leo jioni ukatoka shimoni, ukanawa, ukaenda zahanati. Wangu nikiuacha mnanizika. Naogopa, Baba Kabula. Naogopa kufa humu ndani mtoto akiamini nilimkataa.

Ukishachanjwa, usije siku hiyohiyo. Subiri mwili uizoee kama watakavyokuelekeza, kisha njoo naye, wote mkiwa hamna mafua. Shangazi atatuwekea viti uani, penye hewa, na ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Nitavaa barakoa, lakini macho yangu atayaona.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Alinipigia kunong'ona kuwa amechanjwa, anaogopa utamgombeza kuwa ameleta mkosi shimoni. Usimgombeze. Mdogo wako mnayechimba naye mwambie shemeji yake anamsalimu, na sindano haimalizi uanaume, aulize wake za waliochanjwa. Kabula mwambie mama anamtaka sana.

Na hilo jiwe, baba, nawaombea mlipate. Ila likitoka mimi sipo, utakimbia nalo kumwonyesha nani?

Mkeo, bado niko hapa getini,
Mama Kabula