Mtoto Kama Yaya Noella

Jumamosi, Kamembe.

Mvua ilianza asubuhi, ikakatika, kisha ikarudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nami niko hivyo hivyo. Nacheka, nalia, nacheka tena. Hata sijui ninamwandikia nani.

Leo tulikuwa na misa ya kumkumbuka Yaya Noella, dada yangu mkubwa. Mwaka umepita tangu kifua kimchukue ndani ya wiki moja tu.

Lakini akili yangu haikuwa misani. Ilikuwa bado imekwama kwenye Alhamisi, katika chumba kidogo cha kliniki, pale nilipoketi na Patrice, mchumba wangu. Padri alitushauri tupime damu kabla ya ndoa kutangazwa kanisani. Muuguzi alitueleza polepole: sote wawili tumebeba vinasaba vya selimundu, ugonjwa wa damu ambao huku kwetu tunauita SS. Sisi wenyewe hatutaugua. Ila kwa kila mimba yetu, kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atazaliwa nao.

Mtoto kama Noella.

Patrice alinishika mkono. Mimi nilitaka kuogopa, ikanishinda, kwa sababu uso niliouona ulikuwa wa dada yangu, na dada yangu siku zote nilimwona akicheka.

Noella alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, wakati Mama bado anauza vitenge kule. Daktari wa kwanza alimwambia Mama asitegemee mtoto huyu amalize shule ya msingi. Noella aliimaliza, akamaliza sekondari, akafungua saluni hapa Kamembe. Macho yake yalikuwa ya njano, naye akachagua magauni ya njano "ili yafanane." Maumivu aliyaita mgeni. Akipiga simu asubuhi kutoka saluni na kusema "mgeni amefika," tulijua tufunge saluni tumpeleke hospitali. Kwenye harusi, miguu ikimkatalia, alicheza kwa mabega akiwa kwenye kiti, na watu waliacha kumtazama bibi harusi.

Baada ya misa wageni walikuja nyumbani kula bugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu. Mama Kevine wa Giheke, aliyewahi kulazwa kitanda cha jirani na Noella, alitusimulia jinsi dada yangu alivyoanza kumsuka nywele wodini. Alipofika katikati, mgeni wake akamfikia. Akaomba radhi, akalala. Mume wa Mama Kevine akaja kumwona mkewe, akakuta upande mmoja umesukwa vizuri na upande mwingine umesimama kama majani ya mahindi. Noella, na dripu yake mkononi, akafumbua jicho moja na kumwambia, "Papa Kevine, chagua upande mwenye unapenda."

Tulicheka mpaka mjomba akakohoa. Na mimi katikati ya kicheko nikawaza: kama Mama angepimwa zamani zile, kama angeogopa, kicheko hiki kisingekuwepo. Basi nina haki gani ya kuogopa?

Nilidhani nimepata jibu.

Wageni walipoondoka, nilimsaidia Mama kuosha sahani. Nikamwambia yote, habari za kliniki, habari za Patrice. Nikaongeza kwamba siogopi, kwa sababu Noella aliishi kwa furaha kuliko sisi wote wazima.

Mama aliacha sahani ndani ya maji.

"Aline, wewe ulimuona akicheka," akasema. "Mi ndiye nilikuwa nachemsha maji usiku, nakanda miguu yake. Alikuwa anauma shuka ili musisikie. Musichana wangu alilia sana. Sana."

Tulilala nyumba moja miaka yote ile, na mimi sikusikia.

"Kwa hiyo unaniambia nisiolewe na Patrice?"

"Sijasema vile."

"Sasa unasema nini, Maman?"

Alikaa kwenye kigoda, mikono ikidondosha maji. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikulijua. Siku moja Noella, akiwa ametoka kwenye maumivu makali, alimuuliza: "Maman, kama banakurudisha nyuma, ungenizala tena?" Mama, kwa uchovu na kwa huruma, akajibu kweli. Akasema hapana, asingependa mtoto wake ateseke vile mara ya pili. Noella akamtazama kidogo, kisha akacheka.

"Akasema, 'Mi ningekuja tena, Maman. Lakini mara hiyo munitafutie nyumba yenye maji ya moto inatoka mu robinet.'"

Mama alicheka akisimulia, kisha akajifunika uso kwa kitenge. Nilimkumbatia. Nilitaka aniambie nani kati yao alikuwa sahihi, yeye au Noella. Alitikisa kichwa tu.

"Ile sijui, mwanangu. Bote tulisema kweli."

Sasa mvua imekatika tena. Ng'ambo ya ziwa, Bukavu imefichwa na ukungu. Patrice amenipigia simu mara mbili, sijapokea. Najua atakachouliza, maana padri anasubiri jibu letu kama atangaze ndoa.

Mchana nilikuwa na jibu moja, jioni hii nina mawili, na yote yanatoka kwa watu walionipenda. Je, nikizaa nitakuwa namkaribisha mtu wa kucheza kwa mabega, au namwita mtu wa kuuma shuka gizani? Na kama ni yule yule mmoja?

Sijui. Nimeandika neno hili mara nyingi leo, na bado ndilo la kweli.

Lakini Patrice alimjua Noella wa magauni ya njano tu. Kabla hatujaamua lolote, nitampeleka kwa Mama, akae kwenye kigoda kile jikoni, asikie habari za Noella wa usiku pia.

Simu inaita tena. Hii naipokea.