Sahihi Kwenye Jezi ya Wakesho

Ijumaa, 3 Januari

Leo tena uzioni, uwanja wa besiboli. Jua la Blacktown halina huruma. Jezi imelowa jasho la mikono yangu, nikaogopa wino utasambaa. Sahihi mbili. Moja ya yule mpigaji mfupi mwenye ndevu nyekundu, nyingine ya kijana Mkorea ambaye huinamisha kichwa akimaliza kuandika, kana kwamba ni mimi niliyemfanyia hisani.

Wakesho hakuonekana.

Nilizunguka viti vyote kabla mechi haijaanza. Nilisimama karibu na vyoo vya wanawake mpaka watu wakaanza kunitazama vibaya. Nilipanga foleni ya chipsi, nikafika mbele, nikatoka bila kununua, nikapanga tena. Hayupo.

Naandika ili nisipige mayowe. Mwanangu ana miaka kumi na tisa na sijui analala wapi.

Jumamosi, 4 Januari

Hakuna. Sahihi pia hakuna, walipita mbio kwenda kwenye basi lao.

Besiboli siielewi mpaka leo. Mtu anarusha, mwenzake anakosa, watu wanashangilia. Halafu wote wanasimama tu na kutema mate. Lakini Wakesho aliupenda mchezo huu tangu mwalimu wa michezo hapa Fairfield alipompa glavu, mwaka wetu wa kwanza Sydney, alipokuwa hana rafiki hata mmoja. Tangu hapo hakosi mechi ya nyumbani. Kila msimu hununua jezi nyeupe ya timu, na kila mechi ikiisha husimama uzioni mpaka wachezaji wote wawe wameitia sahihi. Zile za zamani amezitundika ukutani kwake. Ya msimu huu aliiacha kitandani. Aliondoka kwa haraka.

Basi mimi ndiye ninayesimama uzioni. Mara ya kwanza nilikuja mikono mitupu, sekyuriti akaniondoa. Pale ni mahali pa wanaotaka sahihi, akasema, wengine wapite. Mara ya pili nikaja na jezi na kalamu ya wino mzito. Akaninyooshea mkono nipite. Nikawa mmoja wao. Mwanamke wa Voi, miaka arobaini na saba, katikati ya watoto wenye kofia.

Kama kuna mahali atakapokuja, ni hapa. Sina pengine.

Jumatatu, 6 Januari

Shifti ya asubuhi, nyumba ya wazee, Auburn. Niliwaogesha wazee wangu, nikawavalisha, nikawalisha uji. Mikono inafanya kazi yenyewe. Kichwa kiko kwingine. Nilimwita bibi mmoja wa Kilebanoni "Wakesho" nikimfunga vifungo. Akaniitikia. Nikaenda stoo ya mashuka, nikalia humo hadi nilipoitwa.

Mama Baraka, jirani yangu Mkongo, alinisubiri mlangoni na sufuria ya maharagwe. Hajui kuzunguka maneno. "Mama Wakesho, umuache kwanza. Mutoto akichoka atarudia ku nyumba."

Nilitaka kumrudishia sufuria yake usoni. Watoto wake ni watano, wote wanalala nyumbani.

Polisi nao wanasema hivyo hivyo kwa Kiingereza kizuri. Ni mtu mzima. Wamezungumza naye, yuko salama, ameondoka kwa hiari yake. Yuko wapi? Hilo hawaruhusiwi kusema. Mimi niliyemzaa siruhusiwi kujua. Meseji yake ya mwisho naijua kwa moyo: Niko sawa, mama, usinitafute. Tangu hapo namba yangu haiingii kwake.

Jumanne, 7 Januari

Sijalala vizuri. Nimerudia ile siku kichwani tena.

Niligundua haendi chuoni. Uuguzi, mwaka wa pili. Miezi kadhaa alikuwa akitoka asubuhi na mkoba wake kama kawaida, nami namwekea chakula. Sikumtukana. Sikuinua mkono. Nilimwita mchungaji na wazee wawili wa kanisa waje waseme naye, kama ambavyo kwetu ingefanyika kwa mtoto yeyote anayependwa. Nikapika chapati. Wakazungumza kwa zamu sebuleni. Waliombea kila kitu, hadi maksi zake. Yeye akatazama zulia. Hakusema neno, hakula.

Asubuhi nilimpelekea chai. Kitanda kitupu, jezi juu yake.

Mpaka leo sijui ningefanya nini kingine. Baba yake angekuwa hai ningemuuliza.

Alhamisi, 9 Januari

Nimeweka nadhiri. Jezi imebakiza nafasi nne. Nimemwambia Mungu: nikizijaza, nirudishie mtoto.

Mungu si muuza duka. Najua. Nimefundisha watoto wa shule ya Jumapili mambo haya haya. Nimeweka hivyo hivyo.

Jioni nzima nimekaa na simu nikikariri nyuso za wachezaji. Mrushaji mrefu wa mkono wa kushoto. Mwenzake mwenye kovu la kidevu. Yule wa pembeni kulia, mweusi kama sisi, nimesoma kwamba ni wa Karibiani. Na mdakaji, Dale, anayevaa kinyago na kuchuchumaa nyuma ya mpigaji. Nimewajua kuliko ninavyowajua binamu zangu.

Ijumaa, 10 Januari

Watatu! Watatu kwa siku moja!

Na aibu juu yake. Mrushaji alikuwa anaondoka. Nilipenya katikati ya watoto, nikamsukuma msichana mdogo bila kukusudia, nikapiga kelele jina la mtu nisiyemjua kama mwehu. Akageuka, akasaini. Baba wa yule msichana aliniambia, "Mama, wapishe watoto." Kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Nilimwomba msichana msamaha. Akaniuliza kama nitaiuza ile jezi. Nikasema hapana. Akauliza, "Sasa mbona hufurahi?"

Kabaki Dale. Goti linamuuma, hachezi wiki hii, haji uzioni. Sekyuriti yule wa kwanza, sasa tunasalimiana, aliniambia wachezaji wenye majeraha hupitia geti la nyuma, kwenye magari.

Wakesho hakuonekana.

Jumamosi, 11 Januari

Niandike kwa utaratibu.

Sikutazama mechi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye geti la nyuma, nikasimama juani kando ya gari jeupe. Hakuna kivuli upande ule. Nilisikia watu wakishangilia, wakanyamaza, wakashangilia. Nilikuwa na kiu lakini niliogopa kuondoka. Mwishowe akatoka, anachechemea, goti limefungwa bandeji. Mtu mkubwa, uso wa kitoto. Nikamnyooshea jezi na kalamu. Alitabasamu, akafungua kifuniko cha kalamu.

Akasita. Akaigeuza jezi, akashika bega la kushoto.

"Umeipata wapi hii?"

Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Hii ni ya Kesho," akasema. "Bega hili lilichanika kwenye uzio mbele ya macho yangu. Akalishona kwa uzi wa njano. Nauliza, umeipata wapi?"

Alidhani nimeiba. Mimi niliyemzaa mwenye jezi. Lakini sikukasirika, maana nilikuwa nimesikia jina. Kesho. Wanamwita Kesho.

"Umemwona lini?" nikauliza.

"Kwani wewe ni nani?"

"Lini?"

Nadhani nilipiga kelele. Alinitazama vizuri. Watu husema mimi na Wakesho tuna paji moja la uso. Sauti yake ikashuka.

"Jumatano. Mazoezini. Huja kila Jumatano jioni. Nilimuuliza jezi iko wapi, akasema aliiacha mahali ambapo kwa sasa hawezi kurudi."

"Mbona haji kwenye mechi?"

Akatazama viatu vyake. "Alikuja mechi moja, mwezi uliopita. Akafika mlangoni, akageuka kurudi. Alisema kuna mtu anamsubiri uzioni."

Siku zote hizi. Nilikuwa namngoja mahali pekee anapopapenda, na kwa kumngoja nikamfukuza hapo pia.

"Ananiogopa?"

"Hapana. Anasema akiona uso wako tu, atakufuata nyumbani. Na bado hajawa tayari."

Nikamwomba aniambie anakaa wapi. Nikaomba kwa Kiingereza, Kiingereza kikaisha, nikaomba kwa Kiswahili. Nilipiga magoti kwenye lami. Yule mtu mwenye goti bovu aliinama akaninyanyua, nikasikia akiguna kwa maumivu. Sitamwambia mtu hili.

"Ana kitanda," akasema. "Ana kazi, jikoni kwenye duka la mikate. Anakula. Zaidi ya hapo sisemi, nilimwahidi."

Nikampa tena kalamu. Akatikisa kichwa. Hasaini jezi ya Kesho mwenyewe akiwa hayupo.

Jumapili, 12 Januari

Sikwenda kanisani.

Ana kitanda. Anakula. Nimeyasema mchana kutwa kama mtoto anayejifunza kuhesabu.

Halafu hasira. Mcheza mpira anajua mahali mwanangu analala, mimi sijui. Mgeni kabisa. Anamtunzia siri dhidi yangu. Nilivunja kikombe, kwa makusudi, nikafagia.

Jumatatu, 13 Januari

Jumatano jioni. Sasa najua siku. Najua mahali.

Siwezi kufikiria kitu kingine. Nimeomba ruhusa kazini, nikadanganya kwamba naenda kwa daktari wa meno. Nitasimama mlangoni mwa uwanja. Hana pa kupita ila hapo. Nitamshika mkono, basi. Amesema mwenyewe akiniona atakuja. Mtoto akisema hivyo si anaomba aletwe?

Nilimweleza Mama Baraka nikidhani atafurahi. Alikuwa anachambua sombe, yale majani yao ya muhogo, akaacha. Akaniuliza swali moja: "Na akishafika ku nyumba, utamufungia?"

Nikatoka bila kuaga.

Jumanne, 14 Januari

Nimeifua jezi? Hapana, sahihi zingetoka. Nimeianika tu dirishani ipigwe na upepo.

Nimeingia chumbani kwake. Kwa mara ya kwanza nimekaa sakafuni nikazisoma zile za ukutani. Moja moja. Kwenye jezi ya kwanza kabisa mchezaji mmoja ameandika: Kwa Kesho, anayepiga kelele kuliko wote. Anapiga kelele? Wakesho? Hapa nyumbani sauti yake ilikuwa ya kuazima. Pale sebuleni, mbele ya wazee, hakuwa na hata hiyo.

Kuna mtu pale uwanjani ambaye sijawahi kukutana naye, na ni mtoto wangu.

Nimeogopa sana. Nimeogopa kwamba nikimshika mkono atakuja kweli, atakaa kwenye kile kiti cha sebuleni, atatazama zulia.

Jumatano, 15 Januari

Nilikwenda.

Treni hadi Blacktown, kisha basi. Nilifika mapema, jua bado kali, watu wa uwanja wanamwagilia nyasi. Nilisimama mlangoni kama nilivyopanga. Miguu yangu ilitaka kubaki. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: nilikuwa nimeamua kubaki.

Dale akaja na mfuko wa glavu. Aliponiona uso ulimwanguka. Hakunikaripia. Alisimama tu kati yangu na mlango, na hapo nikaona kwamba yuko tayari kunizuia, yeye na goti lake, kwa ajili ya mwanangu. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonivunja. Nilidhani Wakesho hana mtu.

Nikampa jezi. Nilikuwa nimeikunja ndani ya mfuko wa karatasi.

"Mpe. Mwambie mama hatakuwa uzioni Jumamosi. Wala siku nyingine, mpaka aseme mwenyewe."

"Kuna kingine?"

Kulikuwa na mambo elfu. Nikasema, "Mwambie chuo si kitu." Kisha nikasema tena.

Nikatembea hadi kituoni. Nikiwa nimekaa ndani ya basi la kurudi, lile la kwenda uwanjani lilisimama upande wa pili wa barabara. Milango ikafunguka, nikasikia watu wakishuka, labda naye yumo. Nilitazama mikono yangu. Nilitazama mikono yangu mpaka tukaondoka.

Nadhiri sikuitimiza. Sahihi moja haikupatikana. Nimemwambia Mungu afanye apendavyo, mimi nimechoka.

Ijumaa, 17 Januari

Kazi. Uji. Mashuka. Hakuna meseji. Nilijua hakutakuwa na meseji. Nilitazama simu hata hivyo, kila mahali, hata bafuni kwa mzee wa watu.

Jioni nilimwomba Mama Baraka msamaha. Alishangaa ni wa nini.

Jumamosi, 18 Januari

Siku ya mechi. Sikwenda.

Asubuhi ilikuwa ngumu. Nilivaa viatu, nikavua. Nikasafisha friji. Mama Baraka alikuja na sombe na ugali, akanikuta nimekaa mbele ya friji tupu iliyo wazi. Akaifunga. Akasema binti yake amemwonyesha kwamba mechi zinaonekana kwenye simu, bure, kama tunataka. Tukaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, mezani.

Mtu anarusha, mwenzake anakosa.

Katikati, walipokuwa wakibadilishana nafasi, kamera ilipita polepole kwenye uzio. Watoto, kofia, mikono imenyooshwa. Na nyuma yao, yeye. Amenyoa nywele, fupi kabisa. Amekonda kidogo. Alikuwa na chipsi mkononi na anamfokea mtu aliyeko uwanjani, mdomo umejaa, halafu akacheka, kichwa nyuma, meno yote nje. Sauti haikusikika. Ilikuwa muda wa kupepesa macho tu.

"Ni yeye?" Mama Baraka akauliza.

"Ni yeye."

Kamera ikarudi kwa mrushaji. Mama Baraka alininawisha mikono kama mgonjwa, akanimegea ugali. Nilikula. Sombe ilikuwa na chumvi nyingi. Nikaomba nyingine.

Baadaye akauliza nani anashinda. Nikamwambia sijui. Tukaendelea kutazama.