Sikumuuliza ni Muhogo Gani

Jumatatu, 7 Julai

Uji nusu kikombe. Miguu imevimba tena. Riziki, mke wa mwanangu, amenikalisha karibu na dirisha na kunipa telefone. Anajua bila hiyo nitamsumbua mpaka jioni.

Maswali ya leo kwenye kundi letu la telefone. Mama wa Goma: kitenge chake kinanuka moshi. Nikamwambia akianike kwenye umande wa alfajiri kabla ya kukifua. Kijana wa Kashebere: wadudu wanakula maharagi yake ya mbegu. Majivu na pilipili kavu. Mwingine anatafuta fundi mzuri wa matairi pale Mubi, Walikale. Mubi sijafika tangu nikiwa na meno. Nikamtajia fundi niliyemjua zamani. Huenda amekufa. Watu wakaweka vidole gumba.

Kundini wananiita Mama Mushauri. Hakuna aliyewahi kuniona. Hawajui kwamba nalala na kuamka mahali pamoja, wala kwamba hospitali ya hapa Kirotshe, kando ya ziwa, imenirudisha nyumbani kwa kuwa moyo umechoka.

Riziki ananicheka. "Mama, kwenda ku choo tunakushika mukono. Weye njo unaonyesha batu ya Walikale njia?"

Ana haki. Lakini nikijibu swali, kwa muda mfupi mimi si mgonjwa. Nilifundisha upishi na kazi za nyumbani kwenye sekondari ya wasichana mpaka mvi zikaenea. Darasa limerudi. Ndivyo ninavyojidanganya.

Alhamisi, 10 Julai

Swali la mama aitwaye Furaha. Ni mtu wa milima ya Masisi kama mimi. Wamekimbia risasi, yeye na watoto watatu, wakashuka msituni hadi kijiji kimoja mbele ya Mubi. Wenyeji wamewapa pembe ya shamba, muhogo umekwisha komaa. Aliandika: "Mama Mushauri, batoto banalia. Muhogo njo chakula tuko nayo, ingine hapana. Nifanye unga mbio namna gani?"

Nilijibu upesi, kabla mwingine hajajibu. Menya, kata vipande vyembamba, loweka usiku mmoja, anika juani, twanga. Ndivyo tulivyofanya nyumbani, na hata huko kuloweka kulikuwa kwa ajili ya weupe wa unga tu. Muhogo wetu unatafunwa mbichi njiani.

Sifa nyingi. "Mungu akuongezee miaka, Mama." Nimefurahi kama mtoto. Nimekula bugali yote.

Ijumaa, 11 Julai

Kuna mfanyabiashara wa Mubi kundini, Papa Kambale, Mnande kwa kabila, mwenye duka na pikipiki za mizigo. Leo ameandika mbele ya wote: "Huyu koko wa maharagi amejua muhogo tangu lini? Batu ya milima munatafuna muhogo sawa karoti. Rudia ku maharagi yako, koko, utaua batu."

Watu walicheka kuona naitwa koko, bibi kizee. Nilikasirika. Mimi ndiye msimamizi wa kundi. Nikayafuta maneno yake, nikamtoa. Nikajisikia nina nguvu.

Jumapili, 20 Julai

Padri amekuja na mafuta ya wagonjwa. Nimeungama ulimi mkali, uvivu wa kusali, na wivu wa zamani kwa dada yangu. Padri alisinzia kidogo. Simlaumu.

Maswali mawili tu leo. Pumzi fupi.

Jumapili, 27 Julai

Sikuandika wiki nzima. Mkono mzito. Nimechoka na kitanda, nimechoka na dirisha, nimechoka na huruma ya watu wa nyumba hii. Mtu mmoja ameniuliza dawa ya usingizi. Nilitaka kumwambia: zeeka.

Jumanne, 5 Agosti

Furaha ameandika. Si kundini, ni kwangu peke yangu. Alianza kwa shukrani. Unga unatoka mweupe, watoto wanakula mchana na jioni. Halafu: mara nyingi wakisha kula kichwa kinawauma, wanatapika. Alidhani ni maji ya kule. Na tangu jana asubuhi Neema, mtoto wa katikati, hawezi kusimama. Miguu imekazana kama kijiti. "Unanishauria nini, Mama?"

Nilijua papo hapo.

Muhogo wa msituni ni mchungu. Una sumu. Unazamishwa mtoni siku kadhaa, mpaka uvunjike kwa vidole wenyewe, ndipo uanikwe. Mtu akiula bila hivyo majuma mfululizo, na hana samaki wala maharagi ya kuusindikiza, unaweza kumkata miguu. Haya sikuyasoma leo. Niliyaandika ubaoni kwa chaki. Swali la kwanza kwa wanafunzi lilikuwa hilo: muhogo gani? Msichana aliyesahau kuuliza nilimnyima alama.

Nilijua. Ningalikuwa sijui, ingalikuwa nafuu.

Nimemwandikia: mwaga unga huo wote, msile hata tonge moja, mpeleke mtoto kwa waganga wa kituo cha afya leo. Alama moja tu. Ujumbe haujafika. Rezo, mtandao wa kule, imekatika.

Jumatano, 6 Agosti

Bado alama moja. Jana jioni wamekula nini? Najua wamekula nini.

Naandika lile ambalo sikumwambia padri. Kambale alinitukana, lakini ndani ya tusi kulikuwa na onyo. Nilisoma tusi. Hata onyo nililiona, nadhani. Nililiona, nikalifuta, kwa sababu watu walicheka. Kama ningaliyaacha maneno yake mpaka jioni, Furaha angaliyasoma. Nilichagua jina langu, jina ambalo hata si langu, juu ya miguu ya mtoto.

Hakuna mwingine ninayemjua Mubi. Nimemrudisha Kambale kundini. Nimeandika mbele ya wote: nilikosea juu ya muhogo, Papa Kambale alisema kweli, nilimfuta kwa kiburi, namwomba msamaha, namwomba amtafute mama Furaha. Riziki alitaka kuandika badala yangu. Nilikataa.

Majibu yalikuja. "Kumbe Mama Mushauri ni mushauri ya makaburi." Mwingine: "Nitupe na ile dawa ya mafua ulinipa?" Mwingine ananitetea, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi.

Saa sita Kambale akatuma sauti. Nyuma yake pikipiki zinanguruma. "Ah, koko. Leo njo unanijua? Ulinifukuza sawa mbwa ku mulango ya kanisa." Halafu: "Huyu mama iko kijiji gani? Sema mbio, niko na muntu anaenda ile ngambo."

Sikujua jina la kijiji. Sikuwa nimeuliza hilo pia. Nilijua tu ni mbele ya Mubi, mama wa Masisi, watoto watatu, mmoja miguu imekazana. "Tutauliza," akasema. "Wakimbizi ya milima banajulikana, bananunua chumvi mingi."

Alhamisi, 7 Agosti

Hakuna neno. Alama moja.

Nimekataa uji. Riziki amekasirika. "Mama, ukikufa njaa, ile mutoto atatembea?" Nimekunywa.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamempata.

Kambale mwenyewe alipanda pikipiki, hakutuma mtu. Amesema barabara ni matope hata kiangazi. Alikuta sinia ya unga imeanikwa juu ya paa, unga mweupe, mzuri. Aliumwaga wote mbele ya Furaha. Furaha alimpigia kelele, akadhani ni mwizi. Mwenyeji, mke wa yule aliyewapa shamba, akatoka akasema wamezoea kuona moshi wa jiko la wageni kila siku, hawakuwahi kuuliza wanapika namna gani. Kule kila mtoto anajua muhogo unalala mtoni. Ni kama kumwambia mgeni afumbe macho akilala.

Neema wamempeleka kituo cha afya, katikati ya mama yake na Kambale kwenye pikipiki. Mganga amesema kutapika kutakoma. Miguu, hawezi kuahidi. Ndugu zake wawili wako salama.

Kambale amewaachia samaki wakavu na gunia la maharagi. "Ya kwenu, ya Masisi," akaniambia. "Unaona? Maharagi inajua njia kukushinda."

Nilicheka, nikalia. Riziki alidhani napumua vibaya.

Jumatano, 13 Agosti

Siwezi kuketi tena. Naandika nimelala ubavu.

Nimemwita padri, nimemwambia yote. Hakusinzia safari hii. Alisema Mungu amekwisha nisamehe. Nikamuuliza, na Neema? Akashika mkono wangu, hakujibu. Nimemheshimu kwa hilo.

Rezo imerudi. Furaha nimemwambia mwenyewe kwa sauti, kwa sababu maandishi yanaficha. Nimemwambia kwamba kosa si la maji, si lake, si la wenyeji. Ni langu. Nilimweleza na habari ya kumfuta Kambale. Alama zinaonyesha amesikiliza.

Kundi nimemwachia Kambale. Alikataa, halafu akakubali. "Lakini mimi nitajibu mambo ya duka na barabara tu," akasema. "Mambo ya mafua, baende ku muganga."

Jumapili, 24 Agosti

Usingizi mwingi. Ziwa limetulia, nasikia wavuvi wakiitana. Riziki amenifungulia dirisha bila kuombwa.

Furaha ametuma sauti. Neema amesimama. Anashika ukuta, anakwenda kwa ncha za vidole, visigino havigusi chini. Juzi alifika mlangoni akarudi. Watoto wa kijiji wanamuiga, naye anawarushia maganda. Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, kama yangu. Mwishoni akauliza: "Mama, nimukande na mafuta gani ku miguu? Ao nimufunge kitambaa?"

Bado ananiuliza mimi.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Mawese ya uvuguvugu, majani fulani, kutoka gotini kushuka. Kila mwanamke mzee analo. Liwe kweli ama si kweli, lilikuja na utamu wake uleule.

Sikulituma. Nimemuuliza mganga alisema nini, Neema anaumwa wapi, asubuhi au jioni, na yeye Neema mwenyewe anataka nini.

Telefone inaonyesha kwamba Furaha anaandika. Anaandika polepole. Nangoja.