Bega la Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha. Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba nimeshavuka arobaini. Mtaani bado wananiita Msasa, jina alilonibandika Baba nilipoanza kumlainishia sanamu zake. Paa la karakana linavuja pale pale lilipokuwa likivuja ulipoondoka, na ndoo ya kukingia ni ile ile ya bluu, kwa hiyo hujakosa mengi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ningepiga chenga, nawe ungecheka, tukaishia kuzungumzia watoto.

Habari kubwa ni kwamba nyumba ya sanaa iliyo nyuma ya posta itaonyesha kazi zote za Baba mwezi ujao. Msimamizi wake, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, aliniuliza kama marehemu aliacha maandishi yoyote. Basi nikalivuta lile kasha la chini ya benchi, lile tulilokatazwa hata kulisogelea. Ndani mlikuwa na madaftari kumi na tisa ya shule, yamefungwa kwa kamba.

Unakumbuka mzee alivyokuwa. Gogo likiletwa, haligusi kwa patasi. Analikalia siku nzima na ile penseli bapa ya useremala, anaandika, na sisi tukipita anafunika daftari kwa kiganja kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Tulidhani anaandika vipimo. Dada, hamna kipimo hata kimoja mle. Ameandika watu.

Ile sanamu ya Mama, yenye sikio moja kubwa kuliko jingine, mwalimu mmoja wa sanaa aliwahi kuiandikia nusu ukurasa gazetini, akasema sikio lile ni jamii inayowasikiliza wazee wake. Daftarini Baba ameandika kwamba mwaka wake wa mwisho Mama hakuwa akisikia vizuri upande wa kulia, na yeye alimfokea kila alipoombwa kurudia neno. Alipomzika, akalichonga sikio lile lile alilolifokea, akalifanya kubwa. Nilimcheka yule mwalimu, kisha kicheko kikanikauka. Sanamu zote ziko hivyo. Kila moja ina jambo ambalo Baba alishindwa kulisema mezani.

Ya mwisho hujaiona. Ni msichana amesimama, begi mkononi, uso ameuelekeza mlangoni. Ni wewe. Mwili wote ulikuwa laini, ila bega la kushoto lilijaa mikato ya patasi, mingi na ya kina, kama shamba lililolimwa na mtu mwenye hasira. Msimamizi aliuliza kama kazi ile haikuisha. Nikamwambia Baba aliishiwa nguvu, na kwamba nitaimalizia mimi. Nililipiga bega lile msasa siku mbili, mkali kisha laini, nikapaka nta, nikasugua kwa kitambaa mpaka likang'aa. Yule mama alinishika mkono akasema Baba angejivunia.

Wiki ile ile ukanipigia. Ulisema hukuja mazikoni kwa sababu miaka kumi na minane hukupata kusikia neno samahani kutoka kwa Baba, na kwamba ungelisikia mara moja tu, hata kwa kutumiwa mtu, ungekuja kwa miguu. Nilikata simu. Ukadhani mtandao umekatika.

Haya ndiyo aliyoandika kuhusu sanamu yako, nimeyanakili neno kwa neno: "Siku aliyoondoka nilimshika bega la kushoto nikamvuta, mkono wa gauni ukachanika. Nikamwambia akitoka asirudi. Nilikosa, na sijui nilisemeje. Bega hili nimelichonga siku kumi na moja. Mtu asilipige msasa. Akija aweke kiganja chake hapa, atajua kwamba nilijua nimemkosea."

Nilipomwonyesha msimamizi ukurasa huo nilimwambia kwamba nililainisha kwanza, nikasoma baadaye. Alinionea huruma, akanipa pole. Ningeweza kukwambia na wewe hivyo hivyo, na ungeniamini.

Si kweli, Dada. Nilisoma kwanza. Nilisoma Ijumaa mchana, nimekaa kwenye benchi lake, na Jumamosi asubuhi nikashika msasa.

Nilikuwa nimepekua madaftari yote nikijitafuta. Mimi niliyebaki naye. Mimi niliyemnolea patasi, na mikono yake ilipoanza kutetemeka nikamlisha na kumkata kucha. Nilijikuta mahali pawili: Msasa amechelewa kuleta gundi, na Msasa ana mafua. Wewe uliyeondoka ukapewa gogo zima, na siku kumi na moja kwa bega moja tu. Wivu ulinipanda. Nilijua kabisa ninachokifuta, na kila nilipopuliza vumbi nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Baada ya ukurasa wako zilifuata karatasi tupu, nikadhani daftari limeishia hapo. Jana, nilipomaliza kukunakilia, nililifunga vibaya likafunuka mwishoni. Kuna mistari michache, mwandiko umelegea: "Msasa amenuna leo. Nadhani anataka kujua kwa nini sijamchonga. Mimi nachonga walioniondokea. Yeye namwona kila siku. Bega la dada yake namwachia yeye alilinde, maana anaujua mti."

Nimesoma hayo mara nyingi.

Leo asubuhi nilikwenda kumweleza msimamizi ukweli. Safari hii hakunipa pole. Sanamu nimeiomba nikarudi nayo, imesimama chumbani kwako, nimeifunika shuka. Nyuma ya bega, karibu na kwapa, umebaki mkato mmoja wa patasi, upana wa kidole. Sitaki udhani niliuacha kwa huruma. Mkono wangu haukufika tu. Ukija, nitakufungulia mlango, nikae nje mpaka uniite. Usipokuja, sitakuwa na neno.

Nisalimie sana shemeji. Watoto wabusu, na yule mdogo mwambie farasi wake wa mbao bado miguu miwili. Jitunze, Dada, na hicho kikohozi usikidharau.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,

Msasa